Kunyonyoa Mforsadi

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama. Mlango umefunguka baada ya kuusukuma kwa bega, kama ulivyonielekeza, na maji ya bafuni yanatoka yakikohoa kwanza, kama ulivyonionya. Nyonga inaendeleaje huko kwa kaka? Daktari amekuruhusu kuanza kutembea?

Jana sikufanya kazi hata kidogo. Nilikaa kwenye chumba chako cha kushonea nikiangalia tu. Sikuwahi kujua kwamba wateja wako wote wananing'inia ukutani, kila mmoja na karatasi zake za vipimo kwenye msumari wake. "Mwalimu wa Hesabu, bega la kushoto limeshuka." "Mke wa Mwokaji, kabla ya mapacha." Na chini yake: "Mke wa Mwokaji, baada ya mapacha, usimwambie." Shangazi, mimi nimesoma miaka kumi na saba na sijawahi kuandika sentensi iliyojaa hivyo.

Ile nguo yangu nyeupe ipo kabatini, bado ina pini kwenye pindo. Nimefunga kabati. Naomba tusiizungumzie.

Lakini mti wako wa forsadi uani! Nilikuwa nikiukumbuka kama kichaka kinachochafua magauni ya watoto. Sasa umefika juu ya paa la jikoni, na matawi yake yameinama pande zote mpaka karibu na ardhi. Majani yake yananishangaza: moja zima kama moyo, jirani yake kwenye kijiti kilekile limekatwa mapengo mawili, kana kwamba mti haujaamua unataka kuwa mti gani. Nimeingiza meza ndogo ndani ya matawi yake. Nasahihisha prufu, kurasa za kitabu cha jiografia cha darasa la sita kabla hakijachapwa, na hakuna anayeniona, hata yule jirani wa ghorofani ambaye wewe unamwita Mama Dirisha. Alishaniuliza mara mbili nikiwa getini, "Harusi lini?" Tangu Desemba nimejibu swali hilo mara nyingi mno. Ndani ya mti wako sijibu kitu.

Forsadi zenyewe sizioni. Msimu wake ni lini?

Wako,
Kalamu


13 Februari

Mwanangu Kalamu,

Marahaba. Nimefurahi kupata barua. Mwanangu Mpima ananiletea simu kila jioni nizungumze na watu, mimi namwambia simu ni ya kuambiwa nani kafa. Barua naisoma mara tatu, simu siwezi kuisikia mara tatu.

Nyonga haijambo. Nikitembea inalia kama bawaba, lakini bawaba ikilia ujue mlango unafunguka.

Sasa sikiliza habari ya mti. Mforsadi haungoji msimu, unangoja kuudhiwa. Ukiuacha na raha zake utakupa majani mpaka uzee wako. Chukua siku moja, uunyonyoe kama kuku. Jani moja moja, lote, usibakize. Halafu kata ncha za matawi, urefu wa mkono wako kutoka kwenye kiwiko. Utabaki na fimbo tupu zinazotia huruma. Wiki mbili zitapita, utaona vichomozi, na kila kichomozi kinatoka na vitu vidogo vya kijani vyenye nywele. Hizo ndizo forsadi. Kwenye wiki ya nane utakula mpaka uombe msamaha.

Ufanye kabla mwezi huu haujaisha. Usicheleweshe, nina sababu zangu.

Uliniuliza zamani jinsi nilivyoupanda na sikukujibu. Sikuupanda. Nilichomeka kijiti ardhini kiegemeze kamba ya nguo. Nilikitoa kwenye rundo la kuni. Mwezi uliofuata naanika shuka, naona kijiti kina jani. Nikasema haya, tuone. Mwaka wa pili nilikuwa naanika nguo kwenye mti. Mti ambao mtu ameshauhesabu kuwa kuni ukaamua wenyewe kuishi. Tangu siku hiyo naupa heshima yake.

Na zikianza kuiva, tandika kitambaa chini, tikisa tawi polepole. Iliyo tayari itaanguka yenyewe, isiyo tayari usibishane nayo. Doa likiingia kwenye nguo, sugua na forsadi mbichi, ile ya kijani, halafu suuza. Hivyo ndivyo nilivyookoa gauni la mke wa mwokaji asubuhi ya siku aliyoolewa, na mpaka leo hajui.

Kuhusu nguo, tusizungumze. Ila kitambaa hakina kosa.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema. Nilinyonyoa mti siku ya Jumamosi, kazi ya kutwa nzima, na mikono ilibaki na utomvu mweupe unaonata. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Kazi inaendelea vizuri. Jiografia imekwisha, sasa nina kitabu cha sayansi ambacho mwandishi wake ameweka moyo wa binadamu upande wa kulia. Nimeuhamisha kwa wino mwekundu. Nasomea palepale kwenye meza yangu chini ya mti. Saa saba mchana, wakati mtaa mzima umeungua, mimi nimevaa sweta. Kuna tundu moja tu la mwanga linalotambaa juu ya ukurasa, na kwa hilo najua saa bila kuangalia saa. Kuna ndege mdogo anayekuja akidhani mimi ni sehemu ya shina.

Sijawahi kukwambia, lakini nakuona wewe kama mtu aliyejua mapema jinsi ya kuishi peke yake bila kuonekana mpweke. Natamani kujifunza hilo.

Wako,
Kalamu


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Jana nilitembea mpaka sokoni na kurudi, nikanunua nyanya, nikabishana na mwenye nyanya, nikashinda.

Bado unasomea chini ya mti?

Shangazi yako


20 Machi

Dada yangu,

Pole na kazi. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kuta za nyumba hii ni nyembamba na mama ana masikio ya fundi cherehani, anasikia uzi ukikatika.

Sijui amekuandikia nini, ila najua hajakwambia kwamba tarehe ishirini na sita mwezi uliopita alianguka kwenye ngazi zetu. Nyonga haikuvunjika tena, tumshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo hajatoka nje ya mlango. Ngazi za kufika barabarani ni kumi na nne, kila moja sentimita kumi na saba. Nimezipima. Mimi ni mpima ardhi, ndiyo njia yangu ya kuogopa.

Namtaka abaki hapa kwangu. Nyumba yake hiyo ameshapatikana mtu anayeitaka, na anataka jibu mwisho wa mwezi wa tano. Tangu kabla hajaanguka tulibishana mpaka mama akaweka sharti: "Mti wangu ukizaa kabla ya siku hiyo, naenda kuuvuna na sirudi. Usipozaa, uza." Nikakubali, maana nilijua ukizaa nitashindwa na usipozaa nitashindwa pia, lakini angalau atakuwa ameamua mwenyewe.

Sasa nakuomba kitu kigumu. Mwandikie kwamba mti haukuzaa. Si lazima uuguse. Sema tu umekauka, au ndege wamekula. Nikikumbuka alivyolala pale chini akinikataza kumwita mtu kwa sababu khanga haikukaa sawa, siwezi kumrudisha kwenye nyumba ambayo atakuwa peke yake. Nisaidie.

Kaka yako,
Mpima


25 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya nne leo. Tatu nimezichana.

Kaka ameniandikia. Ameniambia kuhusu ngazi, na kuhusu sharti lenu. Ameniomba nikwambie mti haukuzaa. Usimkasirikie, barua yake ilikuwa na mapenzi mengi kuliko yote niliyopokea mwaka huu. Na kilichonitia kichaa ni hiki: nikimkubalia, nitakuwa nasema kweli.

Sikuunyonyoa mti, Shangazi. Nilitoka Jumamosi ile na mkasi wako mkubwa na kikapu. Nilitoa majani yasiyozidi thelathini, ndiyo maana nilijua habari ya utomvu. Halafu kwenye pengo nililolifanya nikaona dirisha la ghorofani, na Mama Dirisha ameegemea humo na kikombe chake, ananiangalia. Nikarudisha mkasi ndani.

Nilijiambia ni ukatili kuuvua mti uliovaa vizuri hivyo. Niliandika hata ukurasa mzima kwenye daftari langu kuhusu ukatili huo, kwa Kiswahili safi sana. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba tangu Desemba kila mtu ananiangalia kama nguo iliyorudishwa dukani. Ndani ya majani yale nilikuwa sionekani, na niliona heri nikose forsadi zako kuliko nipoteze maficho yangu. Sikujua ninacheza na nyumba yako. Lakini hata bila kujua, ulinipa kazi moja, nikakwambia nimeifanya.

Leo wiki zilizobaki mpaka mwisho wa Mei ni tisa na siku chache. Wewe ulisema nane. Sijui kama bado inawezekana, wala sijui kama nina haki ya kukusaidia urudi kwenye nyumba ambayo unaweza kuanguka tena, bila mtu. Naogopa vyote viwili. Kwa hiyo sitaamua mimi, wala kaka. Niambie la kufanya, nitalifanya siku hiyohiyo.

Nisamehe.

Kalamu


1 Aprili

We Kalamu,

Marahaba, na ufute machozi, karatasi ya posta ina bei.

Nilijua. Uliniandikia umeninyonyolea mti, halafu mistari minne chini yake ukaniambia umekaa kivulini na sweta saa saba mchana. Mti mtupu unatoa wapi kivuli? Msahihishaji gani wewe? Moyo wa binadamu umeuona uko kulia, wako hukuuona uko wapi.

Sikukusuta kwa sababu mimi nami nilikuwa nimekuandikia habari za soko ambalo sijalitia mguu. Huyo mwenye nyanya simjui. Nilimtunga kitandani, na niliposhinda ule ubishi nilifurahi kweli. Kwa hiyo tumedanganyana sawa kwa sawa, mkono kwa mkono, tuachane na hilo.

Lakini usiniite mtu aliyejua kuishi peke yake bila kuonekana mpweke. Nilionekana. Kila aliyekuja kupimwa alikuwa anaona. Tofauti ni kwamba mimi sikufunga mlango, maana fundi akifunga mlango atashona nini? Walikuwa wanaingia, wananiona nilivyo, wanainua mikono niwapime. Mtu ukishampima kiuno hana tena ubavu wa kukucheka.

Nakupa jibu. Nyonyoa. Kesho, si keshokutwa. Nami kesho naanza ngazi. Mpima nimeshamwita nikamwambia kila kitu, na barua yake kwako nikamwambia naijua. Akaenda kununua kamba akaifunga pembeni mwa ngazi zote, kwa vipimo vyake. Tumekubaliana hivi: mti una wiki zake, mimi nina ngazi zangu kumi na nne, bila kushikwa. Akishindwa mmoja wetu, mimi au mti, nyumba iuzwe na sitalia mbele ya mtu.

Shangazi yako


6 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimenyonyoa. Safari hii sina kivuli cha kunisuta: nakuandikia jikoni kwa sababu nje kunaunguza.

Nilianza saa moja asubuhi. Saa nne nilikuwa nimenyonyoa matawi yote yaliyo usawa wa mabega na jua limenipiga usoni. Nikasikia sauti kutoka juu:

"Kumbe ulikuwa humo siku zote!"

"Nilikuwemo, mama."

"Nami nikasema mtoto wa watu anashinda ndani mchana kutwa, labda ni mgonjwa. Harusi lini?"

Nilikuwa juu ya kiti, na majani kwenye nywele, na hakukuwa na jani hata moja kati yetu. Nikasema, "Haipo. Tuliachana Desemba. Yeye ndiye aliyeniacha."

 Nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

"Wa kwangu aliondoka na redio," akasema. "Hayo ya juu utayafikiaje na kiti hicho? Ngoja nina ngazi."

Akashuka na ngazi, Shangazi, na akapanda mwenyewe, mimi nikashikilia chini. Ana mdomo usiopumzika na mikono ya haraka ajabu. Aliniambia kwamba wewe ulimshonea gauni la kwanza baada ya yule wa redio kuondoka, na ulipompima ulimwambia amepungua, ale, utaacha nafasi kwenye mshono. "Aliacha nafasi kila upande," akasema, akanionyesha kwa vidole. "Nikaijaza."

Mti sasa ni fimbo tupu. Nilipomaliza niliuangalia kwa muda mrefu. Nilitegemea kuona aibu, nikaona umbo: jinsi kila tawi lilivyopinda kuupisha ukuta, na chini kabisa, kwenye shina, alama iliyozama ya kamba yako ya nguo.

Wako,
Kalamu


29 Aprili

Shangazi,

Zipo! Kwenye kila kichomozi, mbili, tatu, zina nywele kama viwavi waliolala. Mama Dirisha amezihesabu kwenye tawi moja akafika sitini akapotea, akaanza upya. Sijawahi kuona kitu kikijibu ukatili kwa namna hii. Majani mapya yanang'aa kama yamepigwa pasi. Ngazi ngapi?

Kalamu


8 Mei

Tisa. Ya kumi imekaa vibaya, ni ileile niliyoangukia, nikifika hapo mguu unaikumbuka kabla yangu. Mpima anasimama chini na mikono nyuma ili asinishike. Nimemwona anavyoifinya. Usimwambie.

Zikishakuwa nyekundu usidanganyike, bado ni chungu. Ngoja ziwe nyeusi.

Shangazi


21 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Zimeanza kuwa nyeusi, na nimetambua jambo ambalo hukunionya: hazingoji. Ya jioni si ya asubuhi. Ukiishika kwa nguvu inakuwa maji, ukiiacha inaanguka. Nilikula ya kwanza nimesimama, nikafunga macho. Ni tamu lakini ndani ya utamu kuna kitu kikali kidogo, kama mtu mpole anayekukatalia. Mama Dirisha amekula mpaka kidevuni.

Nakutumia kwa posta kopo lenye forsadi nyeusi kumi na mbili, nimezipanga kwenye pamba kama pete. Kaka azione kwa macho yake.

Sikuwa na kitambaa kikubwa cha kutandika. Nimetumia kimoja nilichokikuta. Utakiona ukija.

Wako,
Kalamu


26 Mei

Dada yangu,

Kopo lako limefika. Kilichokuwemo ni wino. Mfuko wa tarishi, bahasha za jirani na shati langu la ofisini vyote ni zambarau.

Nilidhani mama atahuzunika. Alichovya kidole kwenye pamba akaonja. Kisha akasema, "Nipishe," akafungua mlango. Niliruka mbele nikasimama chini kabisa. Moja mpaka tisa alihesabu kwa sauti. Kwenye ya kumi alisimama, nami niliangalia viatu vyangu. Nilipoinua macho alikuwa mbele yangu, ameshika kopo, na ukutani hakukuwa na alama hata moja ya kidole. Kamba yangu hakuigusa.

Kumi na nne. Nimemjibu mnunuzi leo. Tunakuja Jumatano. Nitakaa siku tatu nifunge vishikio bafuni na mlangoni, na hilo halina mjadala.

Na wewe unakaa? Mama anasema prufu zinasomeka popote, na chumba cha nyuma ni chako ukikitaka. Aliniagiza niandike "ukikitaka" na niipigie mstari.

Tuachie za matawi ya chini.

Kaka yako,
Mpima


30 Mei, kwenye meza ya jikoni

Kalamu,

Umelala na mdomo wazi kama ulivyokuwa mdogo, sikukuamsha. Mpima naye bado amelala. Jana alisema anaonja tu.

Nimeona ulichotandika. Mita nne za kitambaa changu bora, pini bado kwenye pindo! Nilitaka kukasirika nikakosa pa kuanzia. Madoa yameenea kote, mengine yamekaa vizuri kuliko maua niliyopanga kukutarizia. Forsadi za kijani zipo nyingi za kuyasugulia. Nimeziangalia, nikaziacha zilipo. Baadaye utasimama uinue mikono nikupime upya. Nitakukatia gauni la kazini, na nitaacha nafasi.

Mama Dirisha ameshaniita kutoka juu, anauliza mbona nimechelewa.

Niko kwenye mti. Fimbo yangu ya kutembelea iko kwenye kiti. Usiniletee. Lete bakuli.

Shangazi yako